Mgongo wa Msimu wa Kahawa

Juzi nilikuwa Tunduma, kwenye kibanda cha fundi anayeingiza sinema kwenye flashi. Mbele yangu walisimama mtu na mkewe, wakiwa safarini kwenda Mbozi kwa mama yake mke kuchuma kahawa. Walikuwa wanampelekea vile vichekesho vya zamani vya runinga anavyovipenda.

"Imebaki nafasi ya kipande kimoja," fundi akasema.

"Weka kile cha mume anayejifanya anaumwa mgongo asiende kazini," mke akasema.

Mume akajikuna shingo. "Hicho hakichekeshi."

"Mzee, si ulikitazama hapa mwaka jana ukacheka mpaka ukashika meza?" fundi akauliza.

Mke akamgeukia mumewe taratibu. "Baba watoto, mwaka jana si ndipo ulipolala kwa mama na mgongo, sisi tukichuma?"

Kwetu mama mkwe hakanyagi chumba alicholala mkwe wake. Kwa hiyo mgonjwa huyo hakukaguliwa na mtu, uji tu ndio uliingia.

"Uliuma kweli," mume akasema.

"Basi mama akitazame mwenyewe hicho kipande," mke akasema. " Mimi naona aibu kumwambia."

Mume akayatazama malori barabarani kama anayatafutia dereva. "Weka kingine, fundi. Mwaka huu nitachuma."

"Haya, weka kingine," mke akasema. "Lakini hicho usikifute mpaka kahawa iishe."

Zamu yangu ilipofika nikaomba niwekewe hicho hicho. Nina wakwe wawili, waume wa binti zangu, wazima kabisa, na mahindi yangu bado yamesimama shambani.