Mstari Aliouona Chizuru

Mwalimu wa hesabu, jirani yangu wa meza katika shule yetu ya mjini Matsue, hufundisha pembetatu kwa karatasi, akikandamiza kila mkunjo kwa ukucha wa kidole gumba. Yenye pande tatu sawa ina mistari mitatu ya ulinganifu. Yenye pande mbili sawa ina mmoja. Mwaka jana mwanafunzi wake Chizuru aliinua yake, yenye pande zote tofauti.

"Mwalimu, nimeuona mstari!"

"Hapo hakuna kitu, Chizuru. Au umekunja huku unasinzia?"

Darasa likaangua kicheko. Msichana hakunyoosha mkono tena, na baada ya baridi kwisha familia yake ikahamia Sapporo. Jana mwenzangu alikuwa akinimenyea chenza.

"Alikosea, ni kweli," akasema. "Lakini hata sikumwuliza ameona nini."