Siku Bonifasia Alipokataa Kutoa Kijiti

Bonifasia Ndunguru alianza kukimbia akiwa na miaka minane, kwa sababu ya maziwa. Baba yake alikuwa na ng'ombe wawili pale Litembo, na kila asubuhi maziwa yalitakiwa kufika jikoni hospitalini kabla kengele ya shule haijalia. Njia ya miguu ilipanda, ikashuka, ikapanda tena katikati ya mibuni. Akimwaga maziwa anapigwa nyumbani, akichelewa anapigwa shuleni. Akajifunza kukimbia huku mkono ulioshika kidumu umetulia kabisa, na hadi leo, akiwa na miaka thelathini na sita na watoto watatu, mkono wake wa kushoto hautikisiki akikimbia.

Mwaka uliofuata alijifunza jambo jingine. Mvua ya Aprili ilinyesha siku sita, na siku ya saba mlima uliokuwa nyuma ya nyumba ya shangazi yake Walburga ukashuka. Haukuporomoka mara moja kama watu wanavyodhani. Ulishuka kama uji unaofurika pembeni mwa sufuria, na ulipotulia hapakuwa na nyumba, wala zizi, wala shangazi. Matangani Bonifasia alimsikia baba yake akimwambia jirani kwamba maji ya chemchemi yalikuwa yamebadilika rangi tangu juzi yake, na milango ya nyumba ilikuwa inakwama.

"Tuliona," baba alisema. "Tukadhani ni mbao zimevimba kwa mvua."

Hakulirudia neno hilo maisha yake yote, lakini binti yake alikuwa ameshalishika.

Sekondari, Mwalimu Erasmo wa hesabu aliwachagua wanafunzi wanne akawafanyisha mazoezi ya mbio ndefu kila jioni. Bonifasia alikuwa msichana peke yake. Wengine walikuwa Hyasinti, mcheshi kupita wote. Sixbert, ambaye alisema maneno kumi kwa siku. Na Jastin, mtoto wa Kianglikana kutoka ziwani, aliyekuja kusoma milimani akawa analalamikia baridi hadi anamaliza. Shule ilipoisha kila mtu akashika njia yake. Hyasinti akaendesha bodaboda Litembo. Sixbert akapata kazi ya kuchimba makaa ya mawe Ngaka. Jastin akarudi Lipingo kuvua usipa, dagaa wa kule ziwani. Bonifasia akaolewa, akalima kahawa, na mahindi kwenye ngolo, yale mashimo ya Wamatengo yanayozuia maji yasibebe udongo mlimani. Walikutana kwenye harusi na misiba, na kila walipokutana Hyasinti alisema lazima wakimbie pamoja mara moja kabla hawajazeeka.

Kwa hiyo Mwalimu Erasmo, akiwa amestaafu, alipotangaza mbio za kupokezana vijiti kwa wanafunzi wake wa zamani, walikubali siku hiyo hiyo. Timu zilikuwa tano, za watu wanne wanne. Mbio zingeanza Mbinga mjini, zipite Litembo, zishuke kwa barabara ya vumbi hadi ufukweni Lipingo, Jumamosi baada ya Pasaka. Hyasinti angeanza. Bonifasia angepokea Litembo na kushuka hadi kitongoji cha Mapera, ampe Sixbert, na Sixbert angempelekea Jastin aliyekuwa anasubiri karibu na ziwa.

Jumatano ya wiki ile Bonifasia alikwenda kukijaribu kipande chake peke yake. Mvua ilikuwa imepiga tangu Ijumaa Kuu bila kupumzika vizuri. Kilometa moja kabla ya Mapera barabara inapita chini ya mlima mkali. Juu kulikuwa na shamba la milingoti, yaani mikaratusi, iliyokatwa mwaka uliopita, visiki vimebaki, na chini yake mibuni. Pale alisimama. Maji yalikuwa yanatoka kwenye ukingo wa barabara, mahali ambapo hajawahi kuona maji, na yalikuwa mazito, ya rangi ya chai ya maziwa. Mibuni ya mstari mzima ilikuwa imelalia upande mmoja. Nguzo ya umeme nayo ilikuwa imeinama, na waya wake umekazwa hadi unavuma kwa upepo.

Kesho yake alimkuta Mwalimu Erasmo Litembo, anapaka chokaa mstari wa kupokezana.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Bonifasia. Miguu inasemaje?"

"Miguu mizima. Ule mlima wa Mapera ndio siuelewi." Akamweleza alichokiona.

Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, brashi inadondosha chokaa. "Watu wa barabara walipita pale juzi na gari lao," alisema.

"Walishuka kwenye gari?"

Mwalimu aliichovya brashi tena. "Mwanangu, wengine wameshaondoka Songea kuja huku. Tukianza kuogopa mvua ya Aprili, sisi wa milimani hatutafanya lolote."

Bonifasia angeweza kubisha. Alikiri mwenyewe baadaye kwamba hakubisha kwa sababu alitaka kukimbia. Miaka kumi na minane alikuwa mama, mke na mkulima, na siku moja tu alitaka kuwa yule msichana wa jioni zile. Akarudi nyumbani akaosha raba zake.

Jumamosi, saa nne kasoro, Hyasinti aliingia Litembo akiwa wa tatu, matope hadi kifuani, anacheka. Walikuwa wamekubaliana kwamba akishamaliza abaki pale anywe chai, kisha alasiri awafuate Lipingo na pikipiki yake, maana Mwalimu alikuwa amekataza pikipiki barabarani hadi wakimbiaji wote wapite.

"Shika!" alimpigia kelele akimpa kijiti. "Na usimwage!"

Ndilo lilikuwa neno lake la mwisho kwake, utani wa maziwa.

Kilometa za kwanza zilikuwa tamu. Mvua ilikuwa nyepesi, na mbele aliona mgongo wa mkimbiaji wa pili ukipotea na kutokea kwenye kona. Kisha ukungu ukashuka na mvua ikawa nzito, akabaki na sauti ya pumzi zake tu. Alipokaribia mlima ule alipunguza mwendo bila kuamua. Barabarani kulikuwa na ufa. Jumatano haukuwapo. Ulianzia ukingoni ukakata barabara hadi upande wa pili, na ungeweza kuingiza ngumi. Aliuruka. Hatua hamsini mbele akakuta mwingine. Vijiwe vilikuwa vinabingirika kutoka juu, kimoja kimoja, bila mtu wala mnyama wa kuvisukuma. Nguzo ya umeme sasa ilikuwa imelala kwenye mbuni, na waya umekatika.

Akakimbia kuliko alivyowahi kukimbia.

Mapera ni nyumba saba na duka moja, chini kabisa ya mlima. Sixbert alikuwa kwenye mstari, mkono ameunyoosha nyuma, ameshaanza kutembea. Wakimbiaji wawili wa mbele walikuwa wameshabadilishana na kuondoka. Mwalimu Erasmo, aliyetangulia na gari la kukodi, alikuwa chini ya mwavuli na karatasi yake. Lakini Bonifasia aliangalia dukani. Mama Kunigunda, mwenye duka, alikuwa anausukuma mlango wake kwa nyonga, anauvuta, anausukuma tena.

"Mama, umekuwaje huo mlango?"

"Umekataa tangu asubuhi, mwanangu. Na jana ulikuwa mzima."

Bonifasia akasimama palepale.

"Lete kijiti!" Sixbert alimwita. "Bonifasia, lete!"

"Sikupi."

"Umeumia?"

"Sixbert, mlima unakuja. Sikupi kijiti. Njoo uangalie ukuta huu."

Watu walianza kunung'unika. Mtu mmoja akasema mama huyu amechoka, anatafuta kisingizio. Mwalimu alikuja na mwavuli wake, akamwambia kwa upole ampe mwenzake kijiti kisha waongee. Sixbert aliwapita wote. Alikwenda nyuma ya duka, akapiga magoti kwenye matope, akaweka kiganja kwenye ufa uliokuwa umepanda kutoka kwenye msingi hadi dirishani. Kwa miaka kumi na moja ya Ngaka alikuwa amefundishwa kuiogopa ardhi inayosogea. Alipoinuka midomo yake ilikuwa imepauka.

"Tutoke," alisema. "Wote. Sasa hivi."

Neno la mtu asiyeongea likafanya kazi ambayo la Bonifasia halikufanya. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na kigango, kanisa dogo la kitongoji, juu ya mwinuko wa mawe, na ndiko walikoanza kuwapeleka watoto. Katikati ya pilikapilika wakimbiaji wawili wa nyuma walifika, mmoja baada ya mwingine, nao wakapewa vikongwe wa kubeba. Sixbert alimshika Bonifasia bega.

"Tumtume mtu juu azuie njia?"

Bonifasia alimgeukia Mwalimu. "Wakimbiaji wangapi wameshafika?"

Mwalimu aliangalia karatasi. "Watano. Wote."

"Basi njia haina mtu," Bonifasia alisema. "Tuwatoe wazee kwanza."

Hayo ndiyo maneno ambayo amebaki nayo.

Walivuka mara tatu. Watu ishirini na mmoja, mbuzi, redio, magunia mawili ya kahawa ambayo Mama Kunigunda alikataa kuyaacha. Walipokuwa wote kigangoni, wamelowa, wanatetemeka, kukawa na utulivu wa aibu. Mlima ulikuwa palepale. Mwanamume mmoja alisema anarudi kuchukua godoro lake, na Sixbert akamkalia mlangoni.

Hapo wakasikia pikipiki.

Ilikuwa mbali, juu, ndani ya ukungu, inashuka kona kwa kona. Kila kona ilipiga honi mara mbili, fupi fupi. Bonifasia aliijua honi ile kama alivyojua sauti za wanawe. Hyasinti alikuwa ameona mvua imezidi, wakimbiaji wote wamepita Litembo, akaamua asisubiri alasiri.

Alitoka nje akapiga kelele. Sixbert akapiga kelele. Kisha watu wote wakapiga kelele, na wengine wakapiga kengele ya kigango, lakini kutoka pale hadi barabarani kulikuwa na bonde zima, na mvua.

Honi ikalia mara mbili, kisha mara mbili tena, karibu zaidi.

Kisha visiki vya milingoti vikaanza kutembea. Ndivyo anavyosimulia: vilitembea vikiwa vimesimama, kundi zima pamoja, kama watu wanaotoka kanisani. Mibuni ikafuata, na barabara, na duka la Mama Kunigunda likazunguka robo kabla halijalala. Sauti ilikuja baadaye, na iliwafikia miguuni kwanza. Ilipokwisha walisikia mvua tu. Walisubiri honi. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba anaisubiri.

Ziwani, Jastin alisimama kwenye kituo chake hadi saa kumi. Timu mbili zilikuwa zimepita, za wale waliotangulia, na hawakujua kitu. Alidhani wenzake wamechelewa kwa matope, akawa anaruka ruka misuli isipoe. Habari alizipata kwa mtu wa bodaboda, na alipanda mlima usiku huo kwa miguu.

Walimpata Hyasinti Jumatatu, mita mia mbili chini ya barabara. Wanaume wa Litembo walichimba kwa majembe, na Sixbert alichimba siku zote mbili bila kubadilishana na mtu. Kwenye mazishi padri alitaja watu ishirini na mmoja waliookolewa, akaomba aliyewaokoa asimame. Bonifasia hakusimama. Alikuwa amekaa nyuma ya Winifrida, mjane, anaangalia upindo wa khanga yake nyeusi.

Mwalimu Erasmo alimjia baada ya arobaini. Alikuwa amekonda. "Mimi ndiye niliyehesabu," alimwambia. "Uliniuliza, nikakupa jibu la hesabu."

"Mimi ndiye niliyeuliza vibaya, Mwalimu," Bonifasia alijibu. Wakakaa uani wanapukuchua mahindi, hadi mwalimu alipoaga.

Winifrida hakumlaumu, na hilo lilikuwa gumu kuliko lawama. Siku moja alikuja na jembe, akasema shamba la marehemu lina majani na hana wa kumsaidia kuchimba ngolo. Tangu hapo wanalima pamoja. Shamba lenyewe linatazamana na Mapera, na kutoka pale unaona mlima ulivyochunwa, mwekundu kuanzia kileleni hadi kijitoni.

Septemba iliyofuata, wakiwa shambani, Winifrida aliacha kulima akanyoosha kidole. Chini ya ule wekundu kulikuwa na kitu kinang'aa. Bati jipya.

Bonifasia alishuka siku hiyo hiyo. Alimkuta Mama Kunigunda amekaa nje ya nyumba mpya ya tofali, anachambua maharage, na nyumba nyingine mbili zimeanza kuinuka pembeni. Serikali ilikuwa imewaahidi viwanja mahali pengine. Walikwenda kuviona, wakakuta havina maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa."

Alikaa. Akachambua naye maharage. Kisha akamwonyesha juu: mwanzoni mwa lile kovu, kipande kikubwa cha mlima kilikuwa bado kinaning'inia, na nyasi juu yake zilikuwa za kijani kibichi wakati wa kiangazi, wakati kila kitu kingine kimekauka.

"Kuna maji ndani yake, mama. Hakijamaliza kushuka."

Mama Kunigunda alikitazama kwa muda mrefu, akiwa ameweka mkono juu ya macho.

"Nakiona," alisema. "Kila asubuhi nikiamka nakiangalia kwanza. Lakini kahawa yangu iliyobaki iko hapa. Wewe uliyenitoa, niambie, niende wapi?"

Bonifasia aliinuka. Alimsaidia kuingiza maharage ndani, akaaga, akaanza kupanda. Mawingu ya kwanza ya msimu yalikuwa yameshakusanyika upande wa ziwa.