Nilivyoisema Vibaya Kazi ya Rukia

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipanda metro, treni ya mjini huku Uarabuni, kutoka Deira hadi Al Barsha nimefura kwa hasira. Nilikuwa nakwenda kumtoa kazini Rukia, binti wa kaka yangu.

Miaka hiyo nilikuwa fundi wa kushona mabuibui, na mdomo wangu haukuwa na breki. Kila asubuhi pale Deira nilikuta vikadi vya masaji vimechomekwa kwenye vioo vya magari, vina picha za wasichana nusu uchi. Basi niliposikia Rukia ameacha kazi ya dukani anafanya masaji, astaghfirullah! Hata sikumuuliza. Nilimpigia baba yake Mombasa nikamwambia mwanawe ameharibika. Kaka alilia, kisha akasema nimrudishe nyumbani wiki hiyo hiyo.

Nafika, kumbe ni kliniki ya wanawake. Rukia kavaa sare na mtandio wake, anamsindikiza mlangoni bibi mmoja wa Kiarabu anayemwombea dua.

"Yalla, kusanya vitu vyako," nikamwambia, hasira bado haijanitoka. "Khalas, unaondoka."

Akanitazama. "Shangazi, mbona shingo huigeuzi?"

Kweli, miezi mizima nikitaka kuangalia pembeni nilikuwa nageuka mwili wote. Akanikalisha. Kabla hajanigusa akaniuliza kama nina presha, kama niliwahi kuanguka, kama vidole vinakufa ganzi. Akanikagua hata miguu. "Mguu mmoja ukivimba ghafla, huenda damu imeganda ndani, sikukandi," alisema. "Nakupeleka kwa daktari kwanza." Mtoto kasomea, mwanangu! Akaanza mabegani taratibu, akinieleza misuli gani imekaza kwa kuinamia cherehani. Joto likanishuka mgongoni, usingizi ukanichukua pale pale.

Nilipoamka maumivu yalikuwa yamepungua sana. Nikageuza shingo, nikamwona Rukia analia.

"Baba hapokei simu zangu," akasema. "Sijui nimemkosea nini."

Niliona aibu mpaka nikakosa pa kuweka uso. Nikapiga simu mbele yake. "Kaka, nimemsingizia mwanao. Niliyokwambia sikuyaona kwa macho yangu. Leo nimeiona kazi yake, na mikono yake ni ya tiba."

Kaka akasema, "Mpe simu mwanangu."

Basi sikia, mwanangu. Mwili ukichoka usiudharau. Mpelekee mtu aliyesomea kukanda, misuli ilegee nawe ulale vizuri. Asiyekuuliza hali yako kabla ya kukugusa, mkimbie. Na kazi ya mwenzio usiitie doa hujaiona. Mungu akupe afya, akubarikie mikono yako, na akuepushe na mdomo kama wangu wa siku ile. Amin.