Kitabu Nilichokipima kwa Kisu cha Korosho

Kitabu kipya kina harufu yake, na harufu hiyo siku hizi inanichosha. Ni gundi, wino, na ule ungaunga wa karatasi unaobaki kwenye ncha za vidole. Zamani nilikuwa nakifungua kitabu na kukitia pua kama mtu anayefunua chungu cha kisamvu. Sasa kifurushi kinafika, nakata kamba, harufu inanipiga usoni, nami nasema kimoyomoyo: haya, wamekuja tena.

Kazi yangu ni kuhakiki vitabu vipya. Naandika gazetini kila wiki, na mara mojamoja nasema redioni, kwamba kimetoka kitabu fulani, kinahusu hiki na hiki, kitafuteni au kiacheni kilivyo. Kifurushi cha wiki hii kina saba. Kuna cha watoto chenye picha za mbuzi aliyevaa miwani, riwaya ya mapenzi, mashairi, cha ufugaji wa nyuki, kumbukumbu za afisa mstaafu zenye kurasa mia nne (jamani, mia nne!), hadithi za upelelezi, na kingine chembamba ambacho sijajua nikiweke fungu gani. Mhariri wangu, kijana mwenye roho nzuri lakini asiye na subira, alinipigia simu asubuhi kilipofika. "Dada, vyote Ijumaa. Soma kurasa tatu tatu, si unaujua mchezo wenyewe?"

Naujua. Hakuna anayeujua kunizidi. Niliuanza nikiwa darasa la sita, kwetu Nambambo, wilayani Nachingwea, na aliyenifundisha hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja maishani mwake.

Aliyenifundisha ni baba. Baba alikuwa mkulima wa korosho kama majirani zake wote, ila msimu ukifika alikuwa pia mpima ubora kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima. Watu walileta magunia yao, na baba ndiye aliyesema hili daraja la kwanza, hili la pili. Hakuwa anamwaga gunia zima, angemaliza lini? Alichota konzi moja juu, akazamisha mkono katikati akachota ya pili, akachokonoa chini akatoa ya tatu. Kisha alichukua kisu chake kifupi chenye mpini uliofungwa mpira, akakata moja moja. Korosho iliyojaa ni nyeupe hadi kwenye pembe. Iliyosinyaa inaonekana, iliyooza inanuka. Akikata thelathini alikuwa ameshalijua gunia lote, na sikumbuki mtu aliyembishia akashinda. Vidole vyake vilibabuka na kuwa vyeusi kwa mafuta ya ganda. Mpaka leo nikisikia harufu ya ganda la korosho likiungua, namwona yeye.

Sasa mwaka huo, Mwalimu Chilumba, aliyetufundisha Kiswahili, alikuja darasani na sanduku la vitabu kalifunga nyuma ya baiskeli. Vitabu vyote vilikuwa ndiyo kwanza vimetoka mitamboni, vya watoto na vya wakubwa. Ruangwa mjini kulikuwa kunafunguliwa chumba cha kusomea, na shule chache za Nachingwea na Ruangwa ziliombwa zichague wanafunzi wavisome, kisha wasimame ukumbini waseme kipi kinafaa. Kitakachosifiwa kitakaa rafuni. Kisichosifiwa kitarudi sandukuni na kwenda zake.

Nilichaguliwa mimi. Msidhani ni kwa akili. Nilikuwa na sauti ya kupiga mbiu, na Mwalimu alijua sitatetemeka mbele za watu. Alinikabidhi vinne, akanipa wiki mbili. "Kimoja humo kimeandikwa na mtu wa Ruangwa hapo hapo," aliniambia. "Usome kwa adabu."

Wiki mbili, na korosho zinaanguka! Anayeijua Nachingwea ya msimu ananielewa. Asubuhi kabla ya shule tunaokota, jioni tunaokota, tunanyonga mabibo na kutupa korosho ndooni mpaka kiuno kinakataa. Nyumba nzima inanuka mabibo yaliyochacha. Ukila usiku usingizi unakukuta na tonge mkononi. Siku ya kumi nilikuwa sijafungua kitabu hata kimoja, nikaanza kulia uani.

Baba alikuwa ananoa kisu chake. Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, amekichanganya na Kimwera, tena cha maneno machache. "Unalilia nini wewe?"

Nikamweleza. Akavitazama vile vitabu vinne, akavipima uzito mkononi, akacheka. "Gunia lina korosho ngapi? Mimi nakata zote? Chota juu, chota kati, chota chini. Basi."

Loo! Niliona amenifungua kamba shingoni. Nikamwomba kisu kile kile. Nilikifumba kitabu, nikachomeka ncha ya kisu kati ya kurasa za mwanzo, nikafungua hapo, nikapitisha macho ukurasa mmoja. Nikafanya hivyo katikati, na tena mwishoni. Cha ufugaji wa kuku: juu kuku wanaanguliwa, kati wanaumwa mdondo, chini wanapelekwa sokoni. Kimejaa, daraja la kwanza. Cha upelelezi: juu maiti, kati bastola, chini pingu. Daraja la kwanza. Cha watoto kilikuwa cha msichana aliyepoteza kiatu kimoja siku ya gulio. Juu analia, kati anamtuhumu mbwa wa jirani, chini kiatu kiko mguuni mwa bibi. Nilicheka peke yangu.

Cha nne kilikuwa chembamba, jalada la buluu mpauko. Jina lake nalihifadhi, mtanisamehe. Nikachomeka juu: mama anaamka alfajiri, anafunga kanga, anakwenda kisimani, njia ina umande. Nikachomeka kati: mama anaamka alfajiri, anafunga kanga, anakwenda kisimani, njia ina umande. Mh! Nikadhani nimerudia ukurasa. Nikachomeka chini kabisa, na mama yule yule, kanga ile ile, kisima kile kile. Hata umande haukukauka! Nikakifunga. Imesinyaa hii, nikasema, na nililisema kwa sauti ile ile ya baba, kavu, isiyo na rufaa.

Tulikwenda Ruangwa na basi la asubuhi, mimi, Mwalimu na wenzangu wawili, tukafika wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Ukumbi ulikuwa umejaa walimu, wazazi, na wageni ambao hatukuwajua. Waliotangulia kusema walisoma kwenye karatasi, wakisitasita. Zamu yangu ilipofika nilipanda na kisu cha baba. Ndiyo, nilikiiba, nikakinyanyua juu, nikawaeleza wote jinsi ninavyochota juu, kati na chini. Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Watu wa korosho wale, walinielewa papo hapo. Kuku wakapigiwa makofi, maiti akapigiwa makofi, bibi na kiatu chake akapigiwa vigelegele.

Mtoto akishapigiwa vigelegele, nani atamshusha? Nikakinyanyua cha nne. "Hiki nimekata juu, mama anakwenda kisimani. Nimekata kati, anakwenda kisimani. Nimekata chini, bado anakwenda kisimani! Sasa mimi kwetu kila siku naamshwa kwenda kisimani na siandikwi kitabu. Daraja la pili!"

Walicheka hadi wengine wakapangusa macho. Hapo mama mmoja wa benchi la tatu akanyoosha mkono, akasimama. Alikuwa mtu mzima, kavaa kitenge cha kijani na kilemba chake, mtulivu. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Mwanangu, ahsante," alisema. "Nilitaka kuuliza tu. Huyo mama, anakwenda na vyombo vingapi?"

"Ndoo," nikamjibu.

"Ndoo tu?"

"Mama, ndoo ni ndoo," nikasema, na ukumbi ukacheka tena.

Akatikisa kichwa taratibu. "Haya, mwanangu. Nimekusikia." Akakaa, akaweka sawa kilemba chake, akaangalia mikono yake.

Kitabu cha buluu hakikuchaguliwa. Tulipewa soda na maandazi, nami nikala kwa fahari. Kwenye basi la kurudi nilikaa na Mwalimu Chilumba. Tulipovuka nusu ya njia akaniuliza, "Kile cha nne ulikisoma?"

"Nilikikata, Mwalimu."

"Yule mama aliyekuuliza ndiye mwandishi. Ni Bi Hadija, muuguzi wa zahanati. Alikuwa atambulishwe mwishoni, lakini baada ya wewe kusema akamwomba mwenyekiti asimtambulishe. Ndicho kitabu chake pekee. Alitaka kikae pale, mjini kwake."

Nilitamani sakafu ya basi itoboke. Mdomo huponza kichwa, lakini siku ile mdomo wangu ulikiponza kichwa cha mtu mwingine, na hilo ndilo lililoniuma. Mwalimu akakitoa kile kitabu mfukoni, akaniwekea mapajani. Alikuwa amekiomba kabla sanduku halijafungwa. "Kiwe chako," alisema. Hakuniadhibu kwa lolote zaidi ya hilo, nami ningeona nafuu angenichapa.

Nyumbani nilimrudishia baba kisu na kumweleza yote. Alikiangalia kisu, akakiangalia kitabu. Akasema, "Mimi nilikufundisha korosho." Akatoka kwenda kufungia mbuzi, na hatukulizungumza tena.

Kitabu chenyewe sikukifungua karibu miaka miwili. Nilikiona tu chini ya nguo sandukuni nikakipita kama mtu anayempita mdai wake barabarani. Nikiwa kidato cha kwanza, likizo, mvua zimeanza na mahindi yamefika magotini, nilikaa barazani nikakisoma kuanzia neno la kwanza. Hakikuchukua hata saa mbili. Masaa mawili, ndugu zangu! Ndiyo niliyomnyima.

Ni kweli mama anakwenda kisimani kila asubuhi. Lakini asubuhi za mwanzo ana ndoo kichwani, na nyuma yake anakuja binti yake na kidumu cha njano, kile cha lita tatu, maji yakimwagikia mgongoni. Katikati ya kitabu mama ana ndoo kichwani na kidumu mkononi. Binti hayupo, na hakuna mahali pameandikwa yuko wapi. Homa imetajwa mara moja, jirani ameleta uji mara moja, basi. Asubuhi zinaendelea, umande ule ule, na mama anakijaza kidumu, anakibeba hadi nyumbani, anakiweka mahali pake pembeni ya mlango, na kesho yake anamwagia mchicha maji yale ili apate kukijaza tena. Asubuhi ya mwisho anakwenda na ndoo peke yake. Maneno ni yale yale, kasoro kidumu.

Nililia pale barazani mpaka mama yangu akatoka kuuliza nani amekufa.

Sikumwandikia Bi Hadija. Kwanza niliona haya, kisha nikawa na masomo, kisha kazi, na haya ikazoea kukaa. Miaka mingi baadaye nilipita Ruangwa kwenye shughuli nyingine, nikauliza kwenye zahanati. Waliniambia alistaafu, akaugua, akafariki. Niliuliza kama aliandika kitabu kingine. Dada wa mapokezi akashangaa. "Bi Hadija? Aliwahi kuandika kitabu?"

Nilikuwa nimejiaminisha kwamba siku ile ukumbini alisimama kukitetea kitabu chake. Nilizinduka nikiwa mtu mzima, baada ya kuzaa mwenyewe. Yule mama hakuwa na habari na daraja la kwanza wala la pili. Alikuwa anauliza kama kuna mtu hata mmoja mle ndani aliyemwona mwanawe, yule binti wa kidumu. Nami nikamjibu mbele ya watu kwamba ndoo ni ndoo.

Ndiyo maana nimechoka. Tangu barazani pale sijawahi kuhakiki kitabu ambacho sikukimaliza, na vingi, wallahi, havikustahili. Nimesoma vibovu mpaka ukurasa wa shukrani. Nimesoma kuhusu mbolea, majini, ndoa, na maafisa wastaafu waliokumbuka kila kikao. Macho yamekwisha, mgongo umekwisha, na wenzangu wanaochota juu, kati na chini wanamaliza kazi Jumanne wanakwenda kupumzika. Siwalaumu, kwa kuwa njia yao nimeianza mimi.

Leo ni Alhamisi. Vitabu sita nimeshavimaliza, na mbuzi mwenye miwani ndiye bora kuliko wote. Kimebaki kile chembamba. Kimeandikwa na mtu ambaye jina lake sijapata kulisikia, kuhusu mlinzi anayefungua geti kila asubuhi. Nimefika ukurasa wa arobaini na bado anafungua geti tu, ufunguo mmoja mkononi. Simu imelia, ni mhariri: "Vipi dada, hicho cha mwisho? Kurasa tatu tu!" Nimeiweka kifudifudi mezani. Nimejisugua macho, nimerudi ukurasa wa kwanza, nasoma tena polepole na kidole kikiwa chini ya mstari, kama darasa la pili.

Ukurasa wa kwanza alikuwa na funguo mbili.