Pointi Moja ya Fundi

Asubuhi hii Fundi anawamba raketi ya mtu atakayecheza naye saa nne.

Mashine iko juu ya meza ya nyumba ya wageni, kati ya kipande cha sabuni na soksi zinazokauka kwenye mgongo wa kiti. Anapitisha uzi tunduni, anaubana, kisha anauachia mkono wa chuma ushuke wenyewe. Mkono ukilala sawa na meza, uzi umefikia kilo zilizoagizwa. Mwenye raketi ameagiza kilo ishirini na tano. Fundi anazigonga nyuzi kwa kidole, anasikiliza, anatikisa kichwa kukubali.

"Hii imekaa," anasema, na kuivuta ya tatu.

Raketi zake mwenyewe zimeegemezwa ukutani nyuma ya mlango.

Ana miaka ishirini na mitatu, na ni mchezaji wa tenisi wa kulipwa, maneno ambayo hawezi kuyatamka bila kucheka. "Nalipa kiingilio, nalipa chumba, nalipa nauli," anasema. "Siku wakianza kunilipa mimi nitakupigia simu uje uandike upya."

Hakuna anayemwita mchezaji. Kuanzia mwamuzi hadi mlinzi wa geti, wote wanamwita Fundi, kwa sababu kwenye mashindano haya madogo, yasiyo na watazamaji wala kamera, ni yeye anayebeba mashine ya kuwambia kutoka mji hadi mji. Akiwamba raketi nne kwa siku, amelipia kitanda na amekula. Akishindwa kwenye mzunguko wa kwanza, anachopewa na waandaaji hakimfikishi mwisho wa wiki. Kwa hiyo mashine ndiyo inayomlisha, na tenisi ndiyo inayomla.

Orodha ya wachezaji wa dunia ina majina kama elfu mbili. Lake liko chini kabisa, kwa pointi moja aliyoipata mwaka jana alipomshinda mtu aliyekuwa na homa. "Aliumwa, lakini alikuja," anajitetea. "Mimi sikumtuma."

Hata hivyo anaipenda hiyo nafasi. "Nashika mkia," anasema, "lakini ni mkia wa dunia, si wa mtaa."

Shida ni kwamba pointi huishi mwaka mmoja tu, na ya Fundi inakufa Jumatatu ijayo. Akishinda leo anapata nyingine, na jina linabaki. Asiposhinda, linatoka. Mchezaji asiye na jina kwenye orodha hana mlango wa kugonga: anafika uwanjani mapema, anajiandikisha kwenye karatasi ya wanaosubiri, kisha anakaa kwenye benchi akitamani mwenzake ateguke mguu. Fundi alikaa kwenye benchi hilo miaka miwili kabla ya kuipata pointi yake.

"Unajua linavyokubadilisha?" anauliza bila kuinua macho kutoka kwenye uzi. "Unamwona mtu anakohoa, moyo wako unafurahi. Mtu hajakukosea chochote. Sitaki kurudi pale."

Alikulia nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo vya klabu moja ya tenisi, ambako mama yake anafua taulo mpaka leo. Mpira wake wa kwanza aliupiga kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, kwa raketi iliyotupwa na mwanachama. Kaka wa mama yake ndiye aliyekuwa mwambaji wa klabu. Vidole vilipoanza kumkataa, alimwachia mpwa wake mashine na agizo moja: mteja asirudi nyumbani na raketi tupu.

Mama hajawahi kuuelewa mchezo wenyewe. Kinachomsumbua zaidi ni hesabu zake. "Kumi na tano, thelathini, halafu eti arobaini," humwambia mwanawe. "Hiyo tano wameipeleka wapi?" Lakini orodha anaielewa vizuri. Kila Jumatatu, akishaanika taulo, anapanga foleni kwenye ofisi ya klabu, na katibu anamfungulia kompyuta. Huanzia chini, ndiyo njia ya mkato ya kumfikia mwanawe. Akiliona jina, analisoma kwa sauti, anamshukuru katibu na kurudi kwenye ndoo zake.

Sasa turudi kwenye raketi hizi tatu.

Mwenyewe ni kijana ambaye wenzake wanamwita Mrefu. Yuko juu ya Fundi kwa zaidi ya majina elfu moja, ingawa naye hana kocha, na naye analala chumba cha watu wawili. Jana jioni, Jumanne, saa chache baada ya majina kupangwa na wao wawili kuangukiana kwenye mechi ya leo, Mrefu alibisha mlango huu akiwa na raketi tatu na uso wa mtu aliyeibiwa. Begi lake kubwa lilikuwa limebaki kwenye uwanja wa ndege wa nchi nyingine, pamoja na uzi wake wote.

"Fundi, ndugu yangu, una uzi?"

Fundi alikuwa nao. Lilikuwa bunda lake la mwisho, linalotosha raketi tatu, na alikuwa amelitunza kwa ajili ya raketi zake. Alikuwa amecheza mechi mbili za mchujo ili aingie kwenye droo kuu, na mechi hizo zilikuwa zimezila nyuzi zake. Raketi ya kwanza ilikatika Jumatatu. Ya pili ilikuwa bado inacheza, ila nyuzi zake zilishaanza kuota vinyweleo. Ya tatu aliiwamba zamani kwa mabaki ya wateja, rangi mbili tofauti, na imelegea.

Akamwambia Mrefu azilete ndani.

Ukimuuliza kwa nini, kwanza anakupa jibu la kifundi: mteja ni mteja, na pesa ya raketi tatu inamlipia chumba mpaka Ijumaa. Kisha anaubana uzi na kukupa jibu la pili.

"Niliona aibu. Ningemwambia sina, kesho angeona raketi zangu zina uzi mpya. Angejua nimemnyima kwa sababu tunacheza."

"Sasa na wewe utachezea nini?" namuuliza.

"Hii ya pili itanifikisha," anasema. "Imeshanitoa mbali."

Kuna swali ambalo mwandishi wa makala haya alilizungukazunguka mpaka chai ikapoa. Mtu akipunguza kilo mbili kwenye nyuzi za mwenzake, kwa macho hazionekani, lakini mipira inaruka kupita ilikotumwa. Je, hilo halikumjia?

Fundi anacheka, safari hii bila furaha. "Raketi ya kwanza yote niliiwamba nikifikiria hilo. Ya pili nikachoka kufikiria." Anaigonga ya tatu kwa kidole. Kilo ishirini na tano, hazikupungua hata robo.

Mechi ilianza saa nne na ushei, uwanja wa mwisho, ule ulio karibu na mapipa ya taka. Watazamaji walikuwa mlinzi wa geti, wachezaji wawili waliokuwa wakisubiri uwanja uwe wazi, na mimi. Mwamuzi alipiga miayo kwenye kiti chake kirefu.

Seti ya kwanza ilikwenda kwa Mrefu. Mipira yake ilitua ndani ya mstari, mmoja baada ya mwingine, na kila ulipotua Fundi alikuwa akitazama kazi ya mikono yake mwenyewe. Seti ya pili mambo yaligeuka. Fundi si mtu wa mabavu. Ni mtu wa kurudisha. Unampiga kulia, anarudisha. Unampiga kushoto, anarudisha, mpaka unaanza kujiuliza kama umemkosea kitu. Mrefu alianza kujisemea peke yake, na seti ikamponyoka.

Ya tatu ilikuwa vuta nikuvute. Wale wachezaji wawili waliacha simu zao. Mlinzi aliacha geti. Fundi akafika magemu matano kwa manne, na katika gemu la kumi akabakiza pointi moja ashinde mechi. Ile ile moja.

Walipigiana kwa muda mrefu. Kisha Mrefu, aliyekuwa amechoka, akaukata mpira mfupi, laini, katikati ya uwanja, mpira ambao hata mwandishi wa magazeti angeutia ndani. Fundi akaukimbilia. Akaupata kwa urefu mzuri. Akapiga.

Ulisikika mlio mdogo, kama wa kifungo kinachokatika kwenye shati. Mpira ukafia kwenye wavu.

Fundi hakumtazama mwamuzi wala Mrefu. Aliinua raketi usoni na kuchungulia kupitia pale uzi ulipoachia. Halafu akaenda kwenye begi kuichukua ile ya rangi mbili, maana nyingine hakuwa nayo.

Yaliyobaki hayakuchukua muda. Kwa raketi ile iliyolegea, kila alichokipiga kilielea na kutoka nje. Alijaribu kuupunguza mkono, mipira ikaanguka wavuni. Alijaribu kuipiga chini, ikatoka. Mlinzi alirudi getini kwake kabla haijaisha. Saba kwa tano. Niliumia, na sioni sababu ya kuficha.

Walipeana mikono juu ya wavu. Mrefu alimshika bega.

"Pole sana, ndugu yangu."

"Asante."

"Raketi zilikuwa safi mno. Sijawahi kuwambiwa hivi."

Alisema kwa nia njema kabisa. Fundi akasema asante mara ya pili.

Mchana ule aliketi ukingoni mwa kitanda, viatu bado mguuni, taulo shingoni. Mashine ilikuwa mezani kama alivyoiacha. Simu ilipoita aliitazama kwanza, kisha akaipokea na kuilaza kwenye godoro, sauti ikiwa wazi.

"Umekula, baba?" ndilo lililokuwa swali la kwanza la mama yake.

"Nitakula."

"Umeshindwa."

"Uzi ulikatika, Mama. Nimebakiza pointi moja, ukakatika."

"Si wewe ndiye fundi wa nyuzi?"

Kwa upande wa pili yalisikika maji yakimwagwa, na ndoo ikiwekwa chini.

"Huo uzi ulikuwa nao?" mama aliuliza.

"Nilikuwa nao. Niliwamba raketi za yule niliyecheza naye."

Fundi aliinama kuangalia kama simu imekatika.

"Huyo mjomba wako na maagizo yake," mama alisema hatimaye. "Alisema mteja asirudi na raketi tupu. Alikwambia wewe ucheze na raketi tupu?"

"Hakusema."

"Basi." Sauti yake ikashuka. "Na hiyo Jumatatu, niende ofisini nisiende?"

"Usiende, Mama. Jina halitakuwepo."

"Nitakwenda. Nitamwambia katibu leo tuanzie juu. Mwaka mzima huu sijawahi kuwasoma hao wa juu."

Fundi alicheka, kicheko kikageuka katikati, akajifuta uso kwa taulo. Alikaa hivyo, taulo usoni, mpaka mama akaaga.

Ijumaa anasafiri kwenda mashindano mengine. Siku ya kwanza ya mchujo ni Jumatatu, siku ile ile jina lake litakapofutwa, kwa hiyo ataanzia kwenye karatasi ya wanaosubiri, na benchi. Anasema amejipa msimu mmoja zaidi. Akimaliza msimu bila pointi, klabu ya nyumbani inatafuta mwambaji wa kudumu, mwenye mshahara na chai ya saa nne. Anaitaja kazi hiyo kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa uliomo kwenye ukoo.

"Si kwamba ni kazi mbaya," anasema. "Ni kwamba nikiingia mle sitatoka. Nitakuwa Fundi kweli."

Jioni mlango unabishwa. Ni Mrefu, begi lake limefika. Kwapani ana raketi mbili, na mkononi ana bunda jipya la uzi, halijafunguliwa.

"La kwako hili," anasema. "Badala ya lile la jana. Na hizi, kama una nafasi, kesho nacheza saa tatu."

Fundi analipokea bunda, analigeuza, analipima kwa kiganja. Mrefu anaziweka raketi zake juu ya meza, mbele ya mashine, mahali ambapo raketi za wateja huwekwa siku zote.

Fundi anaziondoa na kuziegemeza ukutani nyuma ya mlango. Anaichukua ile yake iliyokatika, anaifunga kwenye mashine, na kuanza kuzing'oa nyuzi mbovu moja moja.

"Utasubiri," anamwambia. "Hii kwanza."

"Ya nani hiyo?"

"Ya mchezaji mmoja. Anacheza Jumatatu."

Mrefu anatafuta mahali pa kukaa. Kiti kina soksi, kwa hiyo anakaa kitandani.