Mgombea Aliyeogopa Kushinda

Linus Dreiling aligombea kiti katika Bunge la jimbo la Kansas mara sita, na mara zote sita alishindwa kwa raha zake. Wako wanaoshindwa kwa machozi, na wako wanaoshindwa kwa kukimbilia mahakamani. Yeye alishindwa kama mtu aliyekwenda kunyoa: anakaa, ananyolewa, anashukuru, anarudi nyumbani kulisha ng'ombe.

Mambo yalianza miaka kumi na miwili nyuma, siku Bernadine Werth alipomfuata kwenye ghala la nafaka. Bernadine alikuwa mwenyekiti wa Wademokrati wa kaunti, na Wademokrati wa kaunti ile walikuwa wachache hivi kwamba mkutano mkuu wao ulifanyika kwenye meza moja ya mgahawa na bado viti vikabaki.

"Linus, nataka jina lako tu," alisema. "Mwili wako baki nao."

"Jina langu la nini?"

"La kwenye karatasi ya kura. Daryl Haffner akisimama peke yake tena, watu watasema chama chetu kimekufa."

"Kwani hakijafa?"

"Kimelala. Aliyelala hazikwi, anawekewa mto. Wewe ndiye mto."

Linus alikwenda kumuuliza mkewe, Alvina, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alvina aliuliza swali moja tu: unaweza kushinda? Linus akamwambia jambo hilo haliwezekani hata dunia ikipinduka. "Basi weka saini," alisema Alvina, akaendelea kumenya viazi.

Sasa huyo Daryl Haffner, mbunge wa Warepublikani, hakuwa adui wa mtu. Alikuwa jirani. Shamba lake na la Linus yaligawanywa na senyenge moja, na kila mwaka wao wawili ndio walioitengeneza. Mwaka ule wa kwanza Daryl aliikanyaga senyenge chini, akavuka na kunyoosha mkono.

"Jirani, siasa isituharibie ujirani. Mimi nitakupigia kura wewe, na wewe unipigie mimi. Zitafutana, na hakuna atakayeona aibu kumtazama mwenzake."

Linus aliona hiyo ni akili kubwa, wakapeana mikono. Na tangu hapo, kila baada ya miaka miwili, Daryl alimchagua Linus, Linus akamchagua Daryl, na watu wengine wote wa eneo lile wakamchagua Daryl. Linus alipata asilimia kumi na tisa, ishirini na moja, kumi na nane. Mara moja alipata ishirini na tatu, akashindwa kulala kwa wasiwasi.

Ila msidhani alikuwa mtu wa bure. Kushindwa alikufanya fani. Kila baada ya uchaguzi alichukua matokeo ya mabunge ya majimbo yote, akaketi na miwani yake, akapita jimbo moja baada ya jingine, Alabama mpaka Wyoming, akitafuta walioangushwa vibaya kuliko yeye. Washindi hakuwatazama. Akimwona mtu wa Idaho aliyepata asilimia kumi na moja, au mama wa Massachusetts wa chama cha upande wa pili aliyepata kumi na tatu, alimwandikia kadi ya posta: "Pole na hongera. Nimesoma matokeo yako. Bila wewe karatasi ingekuwa na jina moja tu. Ni mimi mwenzako, Linus Dreiling, asilimia kumi na tisa." Wengi walijibu. Wengine walijibu kurasa nne. Mama mmoja wa Alabama, Maribeth Tidmore, alikuwa akimpigia simu kila Krismasi, na wakicheka hao, Alvina alilazimika kufunga mlango.

Hivyo ndivyo Linus alivyotaka kuzeeka. Lakini ukipanga lako na Mungu anapanga lake, na safari hii Mungu alitumia andazi la mdalasini.

Ilikuwa Oktoba, kwenye chakula cha jioni cha parokia. Palikuwa na chili, ule mchuzi wa nyama, maharage na pilipili, sufuria kumi na moja, na kama ilivyo ada, pembeni ya kila bakuli liliwekwa andazi la mdalasini lililozungushwa kama konokono na kumiminiwa sukari juu. Watu wa kule wamekula hivyo tangu wakiwa chekechea: kijiko cha maharage na pilipili, kipande cha andazi, kijiko, kipande. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, kama ambavyo hakuna anayeuliza kwa nini Jumapili hufuata Jumamosi. Daryl Haffner, mwenye miaka kumi na minane bungeni, alilisukuma andazi lake kando kwa kidole.

"Kusema kweli," alisema, "sijawahi kuelewa ni nani aliyechanganya kitu kitamu na pilipili. Nimekuwa nikila kwa adabu tu."

Mtu alikuwa akirekodi kwa simu. Kufikia asubuhi kaunti tatu zilikuwa zimesikia. Mama Rosina Leiker, aliyeoka maandazi hayo kwenye jiko la shule miaka thelathini na moja, aliandika gazetini barua ya mistari miwili: "Miaka yote hiyo alinidanganya usoni. Sasa najiuliza amedanganya nini kingine." Kodi Daryl alipandisha, watu walimsamehe. Barabara aliahidi na hakujenga, wakamsamehe. Hili la andazi liliingia mfupani.

Linus alianza kusimamishwa njiani. Watu waliomjua tangu utoto walimpiga bega na kumwambia, "Safari hii, Linus, wewe tu." Alirudi nyumbani uso umempauka.

"Alvina, watu wanataka kunichagua."

"Ulisema haiwezekani."

"Ilikuwa haiwezekani! Nani alijua kuhusu andazi?"

"Bunge linakaa Januari mpaka majira ya kuchipua," Alvina alisema. "Ng'ombe wanazaa Februari. Watazalishwa na nani, na Bernadine?"

Siku ya kupiga kura Linus aliingia kwenye kibanda, akashika kalamu. Kwa mara ya kwanza alitamani, kidogo tu, kama mtu anayetamani chakula cha sahani ya jirani, kuweka alama kwenye jina lake mwenyewe. Akajikemea. Ahadi ni deni. Akampigia Daryl kama kawaida, akatoka, akaenda kulala saa tatu usiku kama kawaida.

Asubuhi karani wa kaunti, Tressa Rohr, alimpigia simu. "Linus, keti chini. Unaongoza kwa kura nne."

"Hesabu tena."

"Nimehesabu mara tatu. Zimebaki kura kumi na moja zenye utata, za watu waliohama na wasiobadilisha anwani. Tutaziamua Jumatatu. Mpaka hapo wewe ndiye mbunge, nusu nusu."

Wiki ile Linus alilalamika kila mahali. Ghalani alilalamika, kanisani alilalamika, kwa daktari wa mifugo alilalamika mpaka daktari akasahau kudai ada yake. "Balaa gani hili? Mimi ni mtu wa ng'ombe!" Maribeth wa Alabama alipiga simu kabla ya Krismasi, sauti imejaa machungu. "Nimeona matokeo ya Kansas. Asilimia hamsini? Hamsini, Linus? Mimi huku nimepata kumi na nne kwa jasho langu. Umetusaliti."

"Si mimi, Maribeth, ni andazi."

"Msaliti hakosi kisingizio," alisema Maribeth, akakata.

Lakini moyo wa mtu ni msitu. Alhamisi Alvina alikwenda zizini kumwita chai, akasimama nyuma ya mlango. Linus alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja kifuani, mwingine umenyooshwa kuelekea madume mawili na ndama wa mwaka jana. "Mheshimiwa Spika," alikuwa akisema, "na waheshimiwa wabunge wote." Ng'ombe walikuwa wakicheua. Alvina alirudi nyumbani bila kumwita, akaiacha chai ipoe. Kesho yake Linus aliuliza, kana kwamba ni jambo la kupita tu, kama mpwa wao wa mjini Hays anaweza kuja mwezi Februari, na kama anajua kuzalisha ng'ombe. Jumamosi alichana nywele mara mbili.

Jumatatu saa nne asubuhi walikaa wote kwenye chumba cha makamishna wa kaunti: Linus na Alvina upande huu, Daryl upande ule akiwa amekonda kwa wiki moja, na Bernadine katikati akisali rozari waziwazi, siasa au si siasa. Tressa alizisoma kura zenye utata moja moja kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Haffner. Haffner. Dreiling. Haffner. Linus alihesabu kwa vidole chini ya meza. Vidole vya upande wa Daryl vilimwishia.

Nane kwa Daryl, tatu kwa Linus. Jumla kuu, Haffner elfu nne na ishirini na moja, Dreiling elfu nne na ishirini.

Bernadine aliangua kilio. Linus alisimama, akampa Daryl mkono, akasema yale aliyoyasema mara sita kabla: hongera jirani, ameshinda anayestahili. Aliyasema vizuri. Ila alipofika kwenye gari alikuta hawezi kuingiza ufunguo, na Alvina ndiye aliyeendesha mpaka nyumbani. Iliuma. Miaka kumi na miwili hajawahi kuumia, akadhani kushindwa hakuumi, kumbe alikuwa hajawahi kushindwa. Alikuwa akihudhuria tu.

Alasiri Daryl alikuja. Hakuvuka senyenge, alizunguka barabarani na kubisha hodi mlango wa mbele, kama mgeni au polisi. Linus alimpokea barazani.

"Nimekuja kusema kitu," Daryl alisema, kofia mkononi. "Mapatano yetu. Mwaka huu... Linus, niliogopa. Miaka kumi na minane nimekuwa Mheshimiwa, sijui kuwa kitu kingine. Niliingia kwenye kibanda na nia safi kabisa, halafu mkono ukaenda wenyewe."

"Ukaenda wapi?"

"Kwangu."

Hesabu hiyo haikuhitaji karani. Kama Daryl angetimiza ahadi, elfu nne na ishirini na moja ingekuwa yake, yeye Linus.

"Na wewe?" Daryl aliuliza, karibu kwa kusihi. "Na wewe ulijipigia mwenyewe, sivyo? Sema ulijipigia. Nitalala usingizi."

"Nilikupigia wewe."

"Yesu na Maria."

"Kama kila mwaka."

Daryl alikaa kwenye ngazi, mtu mzima, akajifunika uso kwa kofia. "Nenda gazetini," alisema ndani ya kofia. "Waambie. Nitakubali kila neno. Au niombe nijiuzulu, nitajiuzulu leo hii."

"Kura ni siri ya mtu na kibanda chake," Linus alisema. "Siendi gazetini. Umepata kura nyingi kuliko mimi, basi." Akafikiri kidogo, na hasira ikampanda taratibu, hasira nzuri, safi, ambayo hakuwahi kuwa nayo. "Lakini mapatano yamekwisha, Daryl. Kuanzia leo kila mtu ajipigie mwenyewe."

Daryl aliinua kichwa. "Kwani utagombea tena? Baada ya haya?"

"Nitagombea."

"Kuweka tu jina, kama siku zote?"

"Hapana," Linus alisema. "Mara hii nataka kushinda."

Wamejuana miaka arobaini na sita. Wamezika baba zao kwenye makaburi yale yale, wamekopeshana matrekta, wamechekana vitambi. Jioni ile Daryl Haffner alimtazama jirani yake na kwa mara ya kwanza akamwogopa. Alivaa kofia, akaaga kwa heshima iliyozidi, akaondoka kwa njia ile ile ya barabarani.

Linus aliingia jikoni. Alvina alikuwa akikanda unga, mgongo kwake. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo alisikia yote, na Linus alijua amesikia. Alisimama katikati ya sakafu akiwa hajui aweke wapi mikono. Miaka kumi na miwili amekuwa mgombea, na hajawahi kumwomba mtu hata mmoja kura. Hakujua hata maneno yake.

"Alvina," alisema, akakohoa. "Naomba kura yako."

Alvina hakugeuka. "Sera zako ni zipi?"

"Sera?"

"Sera, bwana mgombea. Nimeolewa nawe, sijaolewa na jina lako kwenye karatasi. Unataka nikupeleke bungeni Topeka ukafanye nini?"

Linus alivuta kiti, akakaa, akaweka viganja viwili juu ya meza yenye vumbi la unga.

"Kisima," alisema hatimaye. "Baba alipokichimba alipata maji futi tisini. Mimi nimekishusha mara mbili, sasa niko futi mia mbili na kumi. Kila mtu huku anavuta maji, na hakuna anayesema yanakwisha. Hata mimi sijawahi kusema. Mtoto wa mpwa wetu hatalima hapa, Alvina. Hakuna mtu hata mmoja kule anayesema."

Alvina aliacha kukanda. Alifuta mikono, akageuka, akaketi upande wa pili wa meza.

"Endelea," alisema.