Kibao cha Pikipiki ya Baba

Mwezi uliopita nilirudi Sumbawanga kwenye msiba, na pale Chanji nikapanda bodaboda. Tulipofika nilikomwelekeza kijana, aliegesha juu ya lami, akachukua kopo la soda lililobondwa likawa bapa, akalisukuma kwa kiatu chini ya stendi ya pikipiki. "Kwa jua hili, mama, lami inakuwa kama ugali," akaniambia. Nikamjibu najua. Kisha nikabaki nimesimama pale, mpaka akaniuliza kama kuna tatizo.

Siku hizi lami iko kila upande, wewe mwenyewe umeiona. Enzi zetu ilikuwa kipande tu mjini, mbele ya maofisi. Baba yangu alikuwa bwana shamba, akizunguka vijiji vya Ufipa na pikipiki ya ofisi, ya bluu, akiwaelekeza wakulima nafasi za kupandia mahindi na wakati wa kuweka mbolea. Jioni alirudi nyumbani Milanzi akinuka petroli na vumbi. Bibi, yaani mama yake, alimtengea ugali wa ulezi na maharage, huku akimsema kwamba hiyo pikipiki itamvunja mgongo.

Huko vijijini ardhi ilikuwa kavu, stendi haikuzama. Shida ilikuwa ile lami ya mjini. Kwetu asubuhi ni baridi mpaka meno yanagongana, lakini ikifika Oktoba jua la mchana halina mchezo. Mtu anaegesha asubuhi lami ikiwa ngumu kama sakafu, anarudi saa saba anakuta pikipiki imelala chini. Baba yalishamkuta mara moja. Akachonga kibao cha mninga, upana wa sahani, akakitia kwenye mfuko wa turubai nyuma ya kiti.

Wakati wa likizo alinipakia, na kibao kikawa kazi yangu. Tukifika mjini yeye hakushuka; aliishikilia pikipiki kwa miguu yote miwili. Mimi niliruka, nikaweka kibao chini, nikagonga tangi mara mbili. Akisikia hivyo aliteremsha stendi na kuegemeza, bila kutazama. Nikigonga, alijua kibao kipo. Nilijiona mtu mzima kwelikweli, na umri wangu ulikuwa miaka kumi.

Kisha soko huria likaja. Mbolea ya bei nafuu ikatoweka, wenye malori wakaanza kununua mahindi mlangoni kwa mkulima, mitumba ikafurika, nami nikapata koti langu la kwanza la sufu, vifungo havifanani. Na baba akapunguzwa kazi. Barua yake ilikuwa fupi. Pikipiki ikaguliwe, ikiwa nzima, aichukue iwe yake, ikiwa na uharibifu, ibaki ofisini. Baba alishapanga atabebea maharage mpaka Kasesya, mpakani. "Tukiipata hii hatulali njaa," alisema. Wiki nzima aliisugua mpaka spoki zikang'aa.

Jioni ya kuamkia ukaguzi, kifuniko cha mtungi wa maji kilivunjika. Bibi akaniambia nitafute kitu cha kufunikia. Nikachukua kibao, nikijua nitakirudisha asubuhi. Asubuhi tuliondoka mapema kwenye baridi, nikasahau.

Nilikumbuka tumeshafika, mkono wangu umo ndani ya mfuko mtupu. Baba ameishikilia pikipiki, ananingoja. Niligusa lami kwa kidole cha mguu. Ilikuwa baridi, ngumu kama jiwe. Nikagonga tangi mara mbili.

Tuliambiwa tusubiri barazani. Mkaguzi alikuwa na shughuli zake. Ikagonga saa tatu, saa nne, jua likapanda. Baba alikaa kwenye benchi, barua mapajani, mimi nikaegemea ukuta. Kama saa tano hivi nikaona stendi imeanza kuzama. Kidogo tu, kama ukucha. Karibu na miguu yangu palikuwa na kipande cha tofali, ningeweza kukichukua na kwenda kukiweka. Lakini ningeinuka, baba angeniuliza kibao kiko wapi. Basi nikakaa. Niliitazama pikipiki ikiinama taratibu, na ukiniuliza nilihisi nini, nitakwambia ukweli, sikuhisi kitu. Nilikuwa nimekufa ganzi, na sina hakika kama iliwahi kunitoka yote.

Ilianguka mkaguzi akiwa mlangoni, karatasi mkononi. Taa ya mbele ikapasuka, tangi likabonyea, mkono wa klachi ukakatika. Hakuwa mtu mbaya yule. Aliizunguka mara moja, akaandika. "Mzee, unaona mwenyewe," alisema. Baba akajibu, "Naona."

Tulirudi Milanzi kwa miguu, baba mbele, mfuko mtupu begani. Alikwenda moja kwa moja mtungini kunywa maji, mimi nyuma yake. Akakikuta kibao. Alikishika, akakigeuza upande wa pili, akakiweka kando. Akachota, akanywa, akakirudisha palepale juu ya mtungi.

Jirani yetu, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, alipomuuliza pikipiki iko wapi, baba alisema, "Nilisahau kuweka kibao." Jirani akamtania, bwana shamba mzima anashindwa na lami, na baba akacheka. Hivyo ndivyo alivyomwambia kila mtu, miaka yote. Maharage aliyapeleka Kasesya kwa kudandia malori ya watu, juu ya magunia, kwenye upepo, mpaka kifua kikamshinda. Siku za mwisho nilikuwa namnywesha uji. Siku moja nikaanza, "Baba, kile kibao..." Akaniambia uji unapoa.

Pikipiki yenyewe niliiona miaka mingi nikipita kwenda shule, nyuma ya ile ofisi, majani yameota kwenye spoki. Hakuna aliyewahi kuipanda tena. Sasa haipo, na ofisi haipo, na lami ile imefunikwa na nyingine nene. Bibi, mtungi wake, baba, wote wamekwenda, na kibao sijui kiliishia kwenye moto wa nani.

Yule kijana wa Chanji aliponiuliza kama kuna tatizo, nilimwambia hamna kitu. Nikainama, nikaangalia chini ya stendi. Kopo lilikuwepo. Ndipo nikagonga tangi mara mbili.